Mageuko na Kuzaliwa kwa Spishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeuliza kuhusu mageuko mara nyingi huwa anauliza maswali matatu kwa mpigo. Je, viumbe hubadilika kadiri vizazi vinavyopita? Kama ndiyo, ni nini kinachowabadilisha? Na spishi moja hugawanyikaje hadi zikawa mbili? Maswali haya hayakujibiwa kwa pamoja wala na mtu mmoja. La kwanza lilikuwa na watetezi kabla Charles Darwin hajazaliwa. La pili lilijibiwa na Darwin pamoja na Alfred Russel Wallace. La tatu, ambalo ndilo lililokipa kitabu cha Darwin jina lake, On the Origin of Species (Chimbuko la Spishi), lilisubiri karibu miaka 80 zaidi. Nimeyapanga majibu kwa mkondo huo, kwa sababu ubishi mwingi hutokana na kuyachanganya.

Je, Darwin ndiye wa kwanza kusema kwamba viumbe hubadilika?

Hapana. Babu yake mwenyewe, daktari Erasmus Darwin, aliandika miaka ya 1790 kwamba huenda wanyama wote wenye damu moto walitokana na chanzo kimoja. Kabla yake, Mfaransa Buffon alikuwa amehoji kama hali ya hewa na chakula vinaweza kumtoa mnyama katika umbo la wahenga wake. Hata Carl Linnaeus, aliyeanza kuchapisha mpangilio wake wa viumbe mwaka 1735 akiamini kwamba kila spishi imekuwa vilevile tangu kuumbwa, alilegeza msimamo baadaye. Aliona mimea ya aina mbili ikichanganyika na kuzaa kitu kipya, akakubali kwamba huenda spishi nyingine zimepatikana kwa njia hiyo.

Wapo wanaorudi nyuma zaidi, hadi kwa Al-Jahiz wa Basra katika karne ya 9. Katika Kitab al-Hayawan alieleza kwa umakini jinsi wanyama wanavyowindana na kila mmoja anavyohangaikia riziki na usalama wake. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini kumwita Darwin kabla ya Darwin ni kumvisha kanzu isiyo yake: kuona mapambano ya viumbe ni jambo moja, na kuyafanya kuwa sababu ya spishi kubadilika ni jambo jingine.

Mtu ninayeona husahaulika isivyo haki ni Georges Cuvier, ingawa aliyapinga mageuko maisha yake yote. Mwaka 1796, huko Paris, alilinganisha mifupa ya tembo wa Afrika, tembo wa Asia na ile ya mamothi iliyofukuliwa ardhini. Alionyesha kwamba mamothi si tembo yeyote anayeishi leo. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba wanyama wa visukuku bado wapo, wamejificha katika nchi zisizofikiwa. Cuvier alithibitisha kwamba spishi hutoweka kabisa. Na mara tu ulipokubalika ukweli kwamba za zamani zilitoweka, ilibidi watu waulize hizi za sasa zilitoka wapi.

Lamarck alisema nini, na alikosea wapi?

Jean-Baptiste Lamarck alichapisha nadharia yake mwaka 1809, mwaka aliozaliwa Darwin. Alisema kiungo kinachotumika sana hukua na kisichotumika hudhoofu, na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa na watoto. Twiga anaponyoosha shingo kufikia majani ya juu, watoto wake huzaliwa na shingo ndefu kidogo kuliko yeye.

Hucheka wengi wakisoma hayo, na hawamtendei haki. Lamarck ndiye wa kwanza kujenga nadharia kamili yenye kusema viumbe wote wamebadilika na kueleza kwa njia gani. Darwin mwenyewe hakuacha kuamini kwamba matumizi ya kiungo huchangia urithi. Aliyeufunga mlango huo ni August Weismann katika miaka ya 1880. Watu humkumbuka kwa kukata mikia ya panya kizazi baada ya kizazi na kuona watoto wakiendelea kuzaliwa na mikia mizima. Jaribio hilo peke yake halina uzito mkubwa. Hoja yake yenye nguvu ilikuwa kwamba chembe za uzazi hujitenga mapema na chembe nyingine za mwili, hivyo yanayoupata msuli au ngozi hayana njia ya kuingia katika yai au mbegu.

Ni kweli Darwin aligundua nadharia yake alipowaona chiriku wa Galápagos?

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa, na sivyo ilivyokuwa. Beagle, meli aliyosafiria Darwin, ilifika visiwa vya Galápagos Septemba 1835 na kukaa takriban wiki tano. Darwin alikusanya chiriku bila kuandika vizuri kila mmoja ametoka kisiwa gani, na baadhi yao hakutambua hata kwamba ni chiriku. Ndege waliomshtua ni wengine, wale wanaoiga sauti, kwa sababu aliona wazi kwamba wa kisiwa kimoja si sawa na wa kisiwa kingine. Naibu gavana wa visiwa hivyo, Nicholas Lawson, naye alimwambia kwamba akionyeshwa kobe anaweza kutaja kisiwa alichotoka.

Jibu kuhusu chiriku lilipatikana London. Januari 1837 John Gould, mtaalamu wa ndege, aliichunguza mizoga aliyoileta Darwin na kutangaza kwamba ndege waliodhaniwa kuwa wa jamii mbalimbali wote ni chiriku, wa spishi kadhaa zinazokaribiana sana. Katikati ya mwaka huo Darwin alifungua daftari la kuchunguza jinsi spishi zinavyobadilika, akachora humo mti mdogo wenye matawi, na juu yake akaandika "Nadhani". Hapo alikuwa na jibu la swali la kwanza tu. La pili lilikuja mwaka 1838, aliposoma insha ya Thomas Malthus kuhusu idadi ya watu inavyokua haraka kuliko chakula.

Uteuzi asilia ni nini, kwa maneno machache?

Watoto huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Hawafanani. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha uzao mwingi zaidi, na tofauti hizo huongezeka kizazi hadi kizazi. Hakuna kiumbe anayejitahidi abadilike, na hakuna lengo lililowekwa mbele: mazingira yakigeuka, iliyokuwa faida huwa mzigo.

Kwa hiyo ni mwenye nguvu mpishe?

Sivyo. Usemi wa kwamba anayefaa zaidi ndiye anayesalia ulitungwa na mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin aliuingiza katika toleo la tano la kitabu chake, 1869, baada ya kuhimizwa na Wallace. Kufaa kunakosemwa ni kuacha uzao. Mdudu dhaifu anayefanana na jani anaweza kufaa kuliko mwenye taya kubwa.

Usemi huo ulileta madhara makubwa. Francis Galton, binamu yake Darwin, alianzisha fikra ya kuboresha ukoo wa binadamu kwa kuchagua nani azae. Fikra hizo ziliishia katika sheria za kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, Marekani na kisha Ujerumani ya Wanazi. Zilikuwa dhuluma, na pia zilikuwa sayansi mbovu: kujua jinsi tofauti za viumbe zinavyoenea hakumpi mtu yeyote mamlaka ya kuamua nani ana thamani.

Kwa nini Darwin alikaa miaka 20 bila kuchapisha?

Mwaka 1844 alikuwa tayari na insha ya kurasa zaidi ya 200, na alimwachia mkewe, Emma, maagizo ya kuichapisha iwapo angekufa. Mwaka huohuo kilitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi (baadaye alijulikana kuwa Robert Chambers) kilichotetea mageuko. Kilinunuliwa sana na wasomaji na kushambuliwa vikali na wataalamu, kwa kuwa kilijaa makosa. Darwin aliona kinachompata mtu anayekuja na dai kubwa na ushahidi mwembamba.

Akaingia katika kazi iliyomchukua miaka 8: kuchambua vijidudu vya baharini vyenye magamba, vile vinavyoganda kwenye miamba na matumbo ya meli. Wasimulizi wengi huona kwamba alikuwa akikwepa. Mimi naona huko ndiko alikopata haki ya kusema lolote kuhusu spishi. Chini ya hadubini aliona kwamba kila kiungo cha kila spishi hutofautiana kidogo kati ya kiumbe na kiumbe, na kwamba mpaka kati ya spishi na aina ndogo ndani yake ni mgumu kuuchora.

Aliyemwamsha ni Wallace. Huyu hakuwa na mali. Aliishi kwa kuuza wadudu na ndege aliowakusanya. Mwaka 1852, akirudi kutoka Amazon, meli yake iliungua baharini na karibu mkusanyo wake wote ukateketea. Miaka miwili baadaye akaondoka tena, safari hii kwenda visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mapema 1858, akiwa huko na akiugua homa, alikumbuka hoja ya Malthus na kufikia uteuzi asilia kwa njia yake mwenyewe. Aliiandika na kuituma, kati ya watu wote, kwa Darwin. Maandishi ya wote wawili yalisomwa mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe huko London, tarehe 1 Julai 1858. Hakuna kati yao aliyekuwapo: Wallace alikuwa ng'ambo bila habari, na Darwin alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga siku tatu kabla. Kitabu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250.

Je, kulikuwa na pingamizi za kisayansi, au zote zilikuwa za kidini?

Zilikuwapo za kisayansi, na nzito. Ya kwanza ilitoka kwa mwanafizikia William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin. Kwa kupiga hesabu ya jinsi dunia inavyopoa, mwaka 1862 alikadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akashuka hadi milioni 20 hadi 40. Muda huo haukutosha kwa mabadiliko ya polepole ambayo Darwin aliyahitaji. Kelvin hakujua habari za mnururisho (nishati inayotoka atomu zinapovunjika zenyewe), uliogunduliwa 1896, wala hakuzingatia kwamba joto husafirishwa na miamba inayosogea ndani ya dunia. Mnururisho wenyewe ndio uliokuja kuwapa wanajiolojia saa ya kupima miamba, na mwaka 1956 Clair Patterson alitangaza umri wa miaka bilioni 4.55.

Ya pili ilitolewa mwaka 1867 na mhandisi Fleeming Jenkin. Wakati ule iliaminika kwamba sifa za baba na mama huchanganyika kwa mtoto kama rangi mbili kwenye kopo moja. Jenkin akasema: ikiwa ni hivyo, tofauti nzuri itakayomtokea kiumbe mmoja itanusika kwa watoto wake, itanusika zaidi kwa wajukuu, na baada ya vizazi vichache itakuwa imepotea kabla uteuzi haujaishika. Darwin hakuwa na jibu la kuridhisha. Mwaka 1868 alipendekeza nadharia yake ya urithi, nayo ilikuwa na kasoro.

Mendel alileta nini?

Jibu kwa pingamizi la Jenkin, na lilikuwa limeshachapishwa Darwin akiwa hai. Gregor Mendel, mtawa wa Brno katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki, alipanda njegere kwa miaka mingi na kuhesabu. Alichanganya njegere zenye mbegu za mviringo na zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza chote kilitoa mbegu za mviringo. Hizo zilipojichavusha zenyewe, akapata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana: karibu kabisa tatu kwa moja. Sifa iliyokuwa imepotea machoni ilirudi ikiwa nzima, haikuwa imefifia hata kidogo. Urithi basi huja kwa vipande visivyoyeyukiana, na tofauti ikishapatikana inaweza kudumu ikisubiri uteuzi.

Makala yake ya 1866 haikupata wasomaji walioielewa. Iligunduliwa upya mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake.

Basi mwaka 1900 Darwin alishinda?

Ajabu ni kwamba alizidi kudhoofika. Wafuasi wa kwanza wa Mendel, wakiwemo Hugo de Vries na William Bateson, waliona sifa zinazoruka (mviringo au mkunjo, hakuna katikati) wakahitimisha kwamba spishi mpya hutokea kwa mruko mmoja na uteuzi hauna kazi kubwa. Waliopima urefu na uzito wa viumbe waliona tofauti ndogondogo zisizo na mipaka, wakadhani Mendel hawahusu. Kambi hizi zilipigana kwa zaidi ya miaka 15.

Upatanisho ulikuja kwa hesabu. Ronald Fisher alionyesha mwaka 1918 kwamba jeni (vile vipande vya urithi) nyingi, kila moja ikifuata kanuni za Mendel na kuchangia kidogo, zikijumlishwa huzaa tofauti laini kama zile za urefu. Baada yake, J. B. S. Haldane na Sewall Wright walikokotoa kasi ya jeni kuenea kwa uteuzi, na Wright alisisitiza kwamba katika kundi dogo jeni huweza kuenea au kupotea kwa bahati tu. Mwaka 1937 Theodosius Dobzhansky aliunganisha hesabu hizo na nzi halisi wa porini na maabarani. Uelewa wa leo unasimama juu ya kazi ya watu hao.

Katika Muungano wa Kisovyeti njia ilikuwa nyingine. Trofim Lysenko, akiungwa mkono na dola, aliikana jenetiki, yaani sayansi ya urithi, na Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu za mazao kutoka pembe zote za dunia, alifia gerezani mwaka 1943. Haipasi kusahaulika kwamba kuna watu waliolipa kwa uhai wao kwa sababu ya sayansi hii.

Spishi ni nini hasa?

Ufafanuzi unaotumika zaidi ni wa Ernst Mayr, 1942: spishi ni makundi ya viumbe wanaozaana kati yao na waliotengwa kiuzazi na makundi mengine kama hayo. Unafaa kwa ndege na wanyama. Haufai kwa bakteria, ambao hugawanyika bila kujamiiana, wala kwa visukuku, ambavyo hatuwezi kuvijaribu. Utata huo ndio unaotarajiwa: ikiwa spishi hutengana polepole, ni lazima tukute nyingine zikiwa katikati ya njia.

Spishi moja hugawanyikaje zikawa mbili?

Njia ya kawaida ni utengano wa mahali. Mlima, bahari au jangwa hukata kundi vipande viwili. Kila upande hukusanya mabadiliko yake ya jeni, na baada ya vizazi vingi, hata wakikutana tena, hawavutiani, au mimba haishiki, au watoto huzaliwa tasa kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi.

Njia ya haraka kuliko zote iko kwa mimea, ambako idadi ya kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, huweza kuongezeka ghafla. Ngano ya mkate ina kromosomu 42. Ilitokana na ngano yenye kromosomu 28 iliyochavushwa na nyasi pori yenye 14, na ni tukio la miaka isiyozidi 10,000 hivi iliyopita.

Mfano wa kuvutia zaidi kwangu ni furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na ndani yake kumepatikana mamia ya spishi za furu zisizopatikana kwingine. Tazama spishi mbili tu, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Dume la kwanza ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji. La pili lina wekundu na hukaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi. Macho ya kila spishi yameelekea rangi inayoonekana vizuri mahali inapoishi, na majike huchagua madume kwa rangi. Hakuna ukuta kati yao. Mwanga wa maji pekee umetosha kuwatenga. Uchunguzi wa Ole Seehausen na wenzake ulionyesha pia upande wa pili: maji yanapochafuka na rangi zisionekane, majike hukosea, spishi huchanganyika na kuyeyukiana. Ukijumlisha sangara, samaki wakubwa wanaowala furu, waliopandikizwa ziwani miaka ya 1950, spishi nyingi za furu zilitoweka ndani ya miongo michache. Nalihesabu hilo miongoni mwa hasara kubwa za sayansi ya viumbe katika karne iliyopita.

DNA ilibadilisha nini?

DNA, kemikali inayobeba jeni, ilithibitisha undugu wa viumbe kwa ushahidi usiotegemea mifupa, na ilileta mambo ambayo Darwin hakuyawaza. Motoo Kimura alidai mwaka 1968 kwamba mabadiliko mengi ya DNA hayana faida wala hasara, huenea kwa bahati. Lynn Margulis alitetea kuanzia 1967, baada ya majarida kadhaa kuikataa makala yake, kwamba mitokondria, vijisehemu vinavyozipa seli zetu nishati, zilikuwa bakteria huru zilizoingia na kubaki. Alikuwa sahihi. Na bakteria hupeana jeni bila kujali undugu, hivyo shina la mti wa uhai limesukanasukana kuliko mti aliouchora Darwin katika daftari lake la 1837.

Binadamu alitokana na sokwe?

Sokwe wa leo ni binamu, si babu. Sisi na sokwe tulikuwa na wahenga wa pamoja yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Mwaka 1871 Darwin alikisia kwamba wahenga wetu waliishi Afrika, bila kuwa na kisukuku hata kimoja cha huko. Fuvu la Taung, Afrika Kusini, lilipatikana 1924, la Olduvai 1959, na nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 hivi, zikachimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini si ni nadharia tu?

Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na kushinda majaribio. Kwamba viumbe wamebadilika ni jambo lililothibitika. Kinachobishaniwa ni uzito wa kila chanzo: uteuzi kiasi gani, bahati kiasi gani, na kwa kasi ipi.

Mtu wa dini anaweza kuikubali?

Wengi wameikubali. Asa Gray, mtetezi mkuu wa Darwin huko Marekani, alikuwa Mkristo wa dhati, na Dobzhansky vilevile. Wengine huikataa kwa imani yao. Sayansi yenyewe hujibu viumbe walibadilikaje. Vipimo vyake haviwezi kujibu kwa nini kuna ulimwengu.

Kuna aliyewahi kuyaona mageuko yakitokea?

Ndiyo. Tangu Februari 1988 Richard Lenski na wenzake wamekuza makundi 12 ya bakteria yaliyoanzia chanzo kimoja. Kundi moja, baada ya vizazi zaidi ya 30,000, lilipata uwezo wa kula sitrati (kemikali itokanayo na asidi ya ndimu) penye oksijeni, jambo ambalo bakteria wa aina hiyo kwa kawaida hawaliwezi.

Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kuwapima chiriku wa Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos. Ukame wa 1977 uliacha mbegu kubwa na ngumu tu. Wenye midomo midogo walikufa kwa wingi, na kizazi kilichofuata kilikuwa na midomo mikubwa kuliko cha kabla. Kisha mwaka 1981 akatua dume mgeni, mkubwa, mwenye wimbo tofauti, aliyetoka kisiwa cha Española kilicho zaidi ya kilomita 100. Akazaa na jike wa pale. Watoto wake waliurithi wimbo wa baba, majike wa kisiwa hawakuwataka, na kuanzia kizazi cha pili ukoo ule ukawa unazaana wenyewe kwa wenyewe. Peter na Rosemary waliwafuatilia mmoja mmoja kwa pete za miguuni, vizazi sita, na DNA ikathibitisha nasaba yao.